Dawa Tuwapazo Wanyama, na Vijidudu Vipeanavyo Usugu



Katika mkutano wa walimu wa sharika zetu mwalimu mmoja aliniuliza swali hili: "Mchungaji, mtu akiwapa kuku wake dawa, jambo hilo lawezaje kumdhuru mtoto wa jirani, ambaye hakula kuku yule wala yai lake?" Wengine walicheka, wakidhani ni swali la mzaha. Mimi sikucheka, kwa kuwa nalikuwa na sababu yangu, nitakayoieleza mbele. Nalimwahidi kwamba nitamjibu kwa maandishi, ili wote wapate kusoma. Basi somo la mwezi huu ndilo jibu langu. Lina sehemu sita, na mwisho wake yako maswali machache ya kuwafundishia wengine. Msilisome kwa haraka. Someni sehemu moja, mzungumze, kisha msome nyingine.

1. Vijidudu na dawa yake

Viko viumbe vidogo mno, visivyoonekana kwa macho ila kwa hadubini. Wataalamu huviita bakteria. Katika somo hili tutaviita vijidudu. Vimo udongoni, majini, juu ya ngozi zetu, na zaidi sana ndani ya matumbo ya watu na ya wanyama. Si vyote vilivyo vibaya. Vingi hukaa tumboni bila kutudhuru, tena hutusaidia kusaga chakula. Lakini vingine huleta magonjwa: kuhara damu, homa ya matumbo, kichomi, na vidonda vitokavyo usaha.

Yapasa kujua upesi wake wa kuzaana. Kijidudu hakitafuti mwenzi. Hujigawa tu, kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne. Kile kiitwacho E. koli, kikaacho matumboni mwa watu na wanyama, kikipata chakula na joto la kutosha chaweza kujigawa kila dakika 20. Hebu fanya hesabu wewe mwenyewe: baada ya muda wa saa 8 tu, kijidudu kimoja kimekuwa zaidi ya milioni 16. Shika hesabu hiyo moyoni, maana tutaihitaji.

Mwaka 1928, katika mji wa London, bwana Alexander Fleming aliona ya kuwa ukungu ulioota katika kisahani chake umeviua vijidudu vilivyokuwa karibu nao. Ndiyo asili ya dawa ya penisilini. Tangu miaka ya 1940 dawa hiyo na nyingine za jamii yake, ziitwazo antibiotiki, zimewaokoa watu wasiohesabika. Mama aliyepata homa baada ya kuzaa, mtoto mwenye kichomi, mtu aliyepasuliwa tumbo: hao wengi wangalikufa, nao wakaishi. Lakini Fleming mwenyewe, alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba dawa ikitumiwa kidogo isivyotosha, vijidudu havitakufa, bali vitakuwa sugu. Onyo hilo lilitolewa mapema. Tatizo ni kwamba halikusikiwa na wengi.

2. Usugu watoka wapi

Watu husema, "Mwili wangu umeizoea dawa ile, hainifai tena." Neno hilo si sahihi. Mwili hauizoei dawa. Ni vijidudu vilivyo mwilini vilivyobadilika. Wala vijidudu havikujifunza kama mtoto ajifunzavyo shuleni. Tazama mfano huu. Mkulima amepanda mahindi shamba zima, na katikati yake imeanguka mbegu kidogo ya mtama. Mvua zikakatika, jua likachoma. Mahindi yakafa, mtama ukasimama. Mkulima akavuna kilichobaki, akakipanda tena mwaka wa pili, na shamba lote likawa mtama. Je, jua liliufundisha mtama kuvumilia? La. Liliondoa tu kile kisichoweza kuvumilia, na kilichobaki kikapata nafasi yote.

Ndivyo ilivyo kwa dawa. Katika mamilioni ya vijidudu huwamo vichache vyenye silaha. Dawa ikiingia, vilivyo dhaifu hufa. Vyenye silaha hubaki, navyo vyajigawa upesi kama tulivyohesabu. Silaha zenyewe ni za namna nyingi, nitataja tatu. Vijidudu vingine hutengeneza kitu cha kuivunja dawa, isiwe na nguvu. Ndivyo penisilini inavyoshindwa mara nyingi. Vingine huisukuma dawa nje kila inapoingia, kama mtu atoaye maji ndani ya mtumbwi uvujao. Vingine hubadili mahali pale dawa iliposhika, isipate pa kushika tena.

Kila silaha ina agizo lake. Maana ndani ya kila kiumbe kuna maagizo yaliyoandikwa, yaelezayo jinsi mwili wake utakavyojengwa. Na kila agizo huitwa jeni. Kijidudu kijigawapo huwapa watoto wake nakala ya maagizo yake yote. Basi usugu hurithiwa, kama vile mtoto arithivyo sura ya baba yake.

3. Kuomba moto kwa jirani

Kama usugu ungalipita kwa njia ya urithi peke yake, hatari ingalikuwa ndogo. Vijidudu vya kuku vingalibaki kuwa vya kuku, na vya nguruwe kuwa vya nguruwe. Lakini iko njia nyingine, na hiyo ndiyo kiini cha somo letu.

Mama aliyekuta moto umezimika jikoni alifanya nini siku zile tusizokuwa na viberiti vingi? Alikwenda kwa jirani na kigae mkononi, akapewa kaa moja lenye moto, akarudi kuwasha kwake. Mwenye moto hakupungukiwa na kitu. Wala hakumwuliza mwombaji kama ni wa ukoo wake. Nyumba mbili sasa zilikuwa na moto, na kutoka mbili zikaweza kuwa nne.

Vijidudu hufanya vivyo hivyo. Mbali na yale maagizo makubwa ya mwili, vijidudu vingi vina maagizo mengine machache, yaliyoandikwa juu ya uzi mfupi uliofungamana mfano wa pete. Pete hiyo huitwa plasmidi. Kijidudu chenye plasmidi chaweza kukigusa kingine, kikaunganika nacho kwa daraja jembamba, kikanakili pete yake, na nakala ikavuka. Mtoaji anayo yake, na mpokeaji sasa anayo yake. Tena si lazima viwe vya jamii moja. Kijidudu kisichodhuru mtu chaweza kukipa silaha kijidudu kiletacho ugonjwa.

Jambo hili lilijulikana kwanza huko Japani. Baada ya vita ya pili ya dunia kuhara damu kuliwasumbua sana watu wa nchi ile. Waganga walitumia dawa za salfa, kisha streptomisini, kloramfenikoli na tetrasaiklini. Katika miaka ya 1950 wakaanza kuona vijidudu vya kuhara damu vilivyozishinda dawa zote nne pamoja. Wakastaajabu, kwa kuwa hawakuona jinsi ambavyo kijidudu kingaliweza kupata silaha nne kwa mara moja. Tena katika mgonjwa mmoja waliona vijidudu vya jamii moja, vingine sugu, na vingine visivyo sugu. Mwaka 1959 wataalamu wa Kijapani walichanganya pamoja E. koli zilizo sugu na vijidudu vya kuhara damu visivyo sugu. Walipovipima tena, vile vya kuhara damu vilikuwa vimekuwa sugu kwa dawa zote nne. Mwaka 1963 mtaalamu mmoja wao, Tsutomu Watanabe, aliandika habari hizo kwa Kiingereza, na wataalamu wa nchi nyingine wakazisoma kwa mshangao.

Hapa lipo neno la kushika sana. Pete moja yaweza kubeba silaha nyingi, kama mzigo mmoja wa kuni uliofungwa kwa kamba moja. Ukiuvuta ukuni mmoja, mzigo wote waja. Kwa hiyo mtu atumiaye dawa moja tu ovyo hahifadhi usugu wa dawa hiyo peke yake. Ahifadhi na usugu wa dawa nyingine ambazo hajazigusa kamwe.

4. Kuku wa Massachusetts na nguruwe wa Ujerumani

Sasa twaja kwa wanyama. Karibu na mwaka 1950 watu wa Marekani waligundua kwamba kuku na nguruwe wakichanganyiwa antibiotiki kidogo katika chakula chao cha kila siku, hukua upesi na kunenepa. Desturi hiyo ikaenea nchi nyingi. Angalieni namna yake: dawa ni kidogo, hutolewa siku nyingi, na wapewao ni wanyama wazima wasio na ugonjwa. Hakuna njia bora kuliko hiyo ya kuua vijidudu dhaifu na kuviacha vilivyo sugu.

Mwaka 1976 Stuart Levy wa mji wa Boston na wenzake walitoa habari za jaribio lao katika shamba moja la Massachusetts. Walichukua vifaranga 300. Nusu yao walilishwa chakula kilichotiwa oksitetrasaiklini kidogo, na nusu walilishwa chakula kisichotiwa dawa. Haikupita juma moja, na karibu vijidudu vyote vya matumboni mwa kuku waliopewa dawa vilikuwa sugu kwa tetrasaiklini. Baada ya majuma 12 vilionekana vijidudu vilivyo sugu kwa dawa nyingine pia, ingawa kuku hawakupewa ila dawa ile moja. Ndio ule mzigo wa kuni.

Lakini Levy hakupima kuku tu. Alipima na choo cha watu waliokaa katika shamba lile, na cha majirani zao. Baada ya miezi mitano au sita, katika kila vipimo 100 vya watu wa shamba, 31 vilikuwa na vijidudu ambavyo zaidi ya sehemu 80 katika 100 ni sugu kwa tetrasaiklini. Kwa majirani, vipimo vya namna ile havikufika 7 katika 100. Basi moto ulikuwa umekwisha kutoka bandani, ukaingia nyumbani.

Mwenye kushindana aweza kusema: "Labda watu wale waliwahi kunywa dawa ile wenyewe." Neno hilo ni la haki, na jibu lake latoka Ujerumani ya Mashariki, dola iliyokuwako hata mwaka 1990. Huko tangu mwaka 1983 nguruwe walipewa dawa ya kuwakuza iitwayo nosethrisini. Dawa hiyo haikutumiwa kwa watu, wala hapakuwa na nyingine ya jamii yake iliyotumiwa kwa watu wa nchi ile. Kabla yake usugu wa dawa hiyo ulikuwa karibu hakuna. Mwaka 1985 usugu ulionekana katika E. koli za matumboni mwa nguruwe na katika nyama zao, nao ulibebwa na plasmidi. Kufika mwaka 1990 ulikuwa umeonekana kwa wafugaji wa nguruwe, kwa jamaa zao, kwa watu wa mjini wasiofuga nguruwe, na kwa wagonjwa wa njia ya mkojo. Zaidi ya hayo, mwaka 1987 jeni ile ile ilikutwa katika vijidudu vya kuhara damu, navyo ni vijidudu vya watu, havikai katika nguruwe.

Fikirini habari hiyo taratibu. Dawa haikuwa imeingia kinywani mwa watu wale. Usugu ungaliwezaje kuwafikia, kama si kutoka kwa wanyama? Na ungaliwezaje kufika katika kijidudu kisichokaa ndani ya nguruwe, kama si kwa kupeana moto, kijidudu kwa kijidudu? Hapa ndipo penye jibu la mwalimu wetu. Mtoto wa jirani hakula kuku, lakini aliokota mpira uani penye mavi ya kuku, au alikunywa maji ya kijito, au alishikwa na mkono ambao haukunawa. Vijidudu vya kuku vikaingia tumboni mwake. Huenda havikukaa siku nyingi. Lakini kutoa kaa la moto hakuhitaji siku nyingi.

5. Dawa ya mwisho, na habari za China

Iko dawa ya zamani iitwayo kolistini. Kwa kuwa huweza kudhuru mafigo, waganga waliiacha kwa muda mrefu. Baadaye, vijidudu viliposhinda karibu dawa zote, waliirudia, wakaiweka kuwa kama mkuki wa mwisho nyuma ya mlango, wa kutumiwa pale tu silaha nyingine ziliposhindwa. Lakini wakati huo huo, katika China na nchi nyingine, kolistini ilikuwa ikitiwa katika chakula cha nguruwe na kuku kwa wingi.

Wengi walijituliza kwa neno moja: usugu wa kolistini ulikuwa umejulikana, ila ulikuwa katika maagizo makubwa ya kijidudu, usioweza kuvuka. Neno hilo liliisha mwezi wa Novemba 2015. Yi-Yun Liu na wenzake, wataalamu wa China, walitangaza kwamba katika E. koli iliyotoka kwa nguruwe wa shamba moja la Shanghai wamekuta jeni ya usugu wa kolistini juu ya plasmidi. Waliiita mcr-1. Jeni hiyo hubadili ngozi ya nje ya kijidudu, dawa isipate kushika.

Wakatazama akiba za vijidudu zilizokusanywa tangu mwaka 2011. Katika nyama mbichi 523 walizopima, 78 zilikuwa na E. koli yenye jeni hiyo. Katika wanyama 804, walikuwa 166. Katika vipimo 1,322 vya wagonjwa wa hospitali, vilikuwa 16. Tazameni mpango wa hesabu hizo: kwa wanyama ni kama 21 katika 100, kwa nyama 15, na kwa wagonjwa 1. Zilionyesha kwamba moto ulianzia zizini, ukafuata njia ya sokoni, ukaanza kufika kitandani pa mgonjwa. Na wataalamu wa nchi nyingine walipochungulia akiba zao wenyewe, miezi michache baadaye, waliikuta jeni hiyo katika nchi nyingi.

Lakini habari hii ina upande wa kutia moyo. Mwaka 2016 serikali ya China iliamuru kwamba kolistini isitumiwe tena kuwakuza wanyama, na amri hiyo ikaanza kushika mwaka 2017. Wataalamu wakapima tena. Katika miaka ya 2015 na 2016, E. koli za nguruwe zilizo sugu kwa kolistini zilikuwa 34 katika 100. Katika miaka ya 2017 na 2018 zilikuwa zimeshuka hata 5. Kwa kuku zilishuka kutoka 18 hata 5. Kwa nini? Kwa sababu silaha ni mzigo. Jua likiacha kuchoma, mtama haupati tena faida yake juu ya mahindi. Usugu haukutoweka, wala sidhani kwamba utatoweka. Lakini ulipungua sana, tena upesi. Basi asiwepo mtu wa kusema kwamba mambo yamekwisha haribika, hakuna la kufanya.

6. Na sisi je?

Nchi nyingi zimechukua hatua. Katika Uingereza kamati iliyoongozwa na Swann ilishauri mwaka 1969 kwamba dawa za kutibia watu zisitumiwe kunenepesha wanyama. Uswidi ilikataza dawa zote za kunenepesha mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukazikataza kabisa mwaka 2006. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliwashauri wafugaji wa dunia nzima waache kuwapa wanyama wazima dawa zinazohitajiwa na watu, iwe kwa kuwakuza, iwe kwa kuwakinga. Na Tanzania ilitoa mpango wake wa taifa juu ya usugu wa dawa mwaka huo huo wa 2017. Wala tusidhani ni neno dogo. Wataalamu walikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu vijidudu vilivyowashambulia vilikuwa sugu. Si wote ambao usugu wao ulitoka kwa wanyama. Sehemu kubwa yatoka kwa watu wenyewe kutumia dawa vibaya. Lakini mlango wa zizi ni mmoja wa milango, na huo tunaushika sisi wenyewe.

Sasa nitimize ahadi yangu. Mimi niandikaye nalifuga kuku wa mayai, hamsini na kitu, nyuma ya nyumba ya usharika. Nalinunua unga wa dawa dukani bila kumwuliza mtu, nikautia katika maji yao kila juma, wawe wagonjwa wasiwe. Sikuupima kwa kijiko. Naliupima kwa jicho. Mayai niliuza, na mengine tulikula siku zile zile. Nalijiona mfugaji mwangalifu. Kisha mtoto wetu mdogo akashikwa na ugonjwa wa njia ya mkojo. Dawa ya kwanza haikumfaa, wala ya pili. Siku tisa alikuwa na homa, na mama yake hakulala. Mganga alipopima mkojo aliona kwamba E. koli iliyomo ni sugu kwa dawa nne. Ndipo akauliza kwa upole, "Je, Mchungaji, mnafuga?" Sikuwa na jibu la haraka. Dawa ya tano ilimponya, nasi tukashukuru. Sisemi ya kuwa ugonjwa ule ulitoka kwa kuku wangu. Hakuna aliyewapima, nami siwezi kujua. Lakini najua nilichokuwa nikikipanda bandani kila juma. Kwa hiyo sikucheka mwalimu aliponiuliza.

Basi haya ndiyo yatupasayo.

Kwanza, mnyama mgonjwa atibiwe. Kumwacha ateseke si haki. Lakini bwana mifugo aitwe, aseme ni ugonjwa gani na dawa gani. Kwa mfano, mdondo wa kuku huletwa na virusi, na antibiotiki haina nguvu juu yake hata kidogo. Mtu atiaye unga wa dawa katika maji siku ya mdondo apoteza fedha na kuku, na avikuza vijidudu sugu. Dawa ya mdondo ni chanjo, nayo iko ya kutonesha jichoni.

Pili, dawa ikitolewa, itolewe kwa kipimo chake na kwa siku zake zote. Isitolewe kidogo kidogo kwa wanyama wazima. Wala vidonge vilivyobaki vya watu wasipewe kuku.

Tatu, ngojeni siku zilizoandikwa juu ya chombo cha dawa kabla ya kula au kuuza maziwa, mayai na nyama. Fahamuni kwamba hizi ni hatari mbili, wala si moja: mabaki ya dawa, na vijidudu sugu. Kuchemsha maziwa na kupika nyama vizuri huua vijidudu. Lakini kuchemsha hakuondoi dawa yote iliyobaki ndani.

Nne, nawa mikono kwa sabuni utokapo bandani na ushikapo nyama mbichi. Kisu na ubao wa nyama mbichi visikate mboga kabla ya kuoshwa. Mavi ya kuku na ya nguruwe yasitiwe mabichi katika bustani ya mboga. Yalundikwe kwanza na majani, yapate moto na kuoza.

Tano, banda kavu, lenye hewa, lisilosongamana, pamoja na maji safi na chanjo, litapunguza ugonjwa kuliko unga wowote. Mimi nimepunguza kuku wangu, nikawapa nafasi. Unga sinunui ila bwana mifugo akiagiza.

Na sita, wewe mwenyewe upewapo dawa na mganga, imalize. Na usiyopewa usiimeze. Usiwakemee wafugaji hali nyumbani kwako una vidonge vya jirani.

Dawa hizi hatukuzitengeneza sisi, tumezikuta. Waliotutangulia walikufa kwa magonjwa ambayo sisi twapona kwa juma moja. Itakuwa aibu tukiwaachia watoto wetu chupa zilizojaa dawa zisizoponya, kwa ajili ya faida ya mayai machache.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini si sahihi kusema, "Mwili wangu umeizoea dawa"? Eleza kwa mfano wa mahindi na mtama.
2. Plasmidi ni nini, nayo hufananaje na kaa la moto liombwalo kwa jirani?
3. Kuku wa Massachusetts walipewa dawa moja tu. Kwa nini vijidudu vyao vilikuwa sugu kwa dawa nyingine pia?
4. Habari za nguruwe wa Ujerumani ya Mashariki zilithibitisha neno gani ambalo habari za kuku hazikuweza kulithibitisha peke yake?
5. Hesabu za China za mwaka 2018 zatupa tumaini gani?
6. Katika kijiji chako, dawa za mifugo zanunuliwa wapi, na nani hueleza kipimo chake? Walimu, ulizeni swali hili kwa upole, kama mganga alivyoniuliza mimi.